Pete Seeger: aliwaimbishaje watu maelfu wimbo wasioujua?

MwanakwayaMoro

Wakuu, salaam. Kikundi chetu kina waimbaji 14, gitaa mbili, banjo moja ya nyuzi tano na ngoma. Tunaandaa usiku wa nyimbo za kudai haki na nusu ya pili yote tumempa Pete Seeger, mwimbaji wa nyimbo za kiasili wa Marekani. Wasifu wa juujuu tunao: kazaliwa New York tarehe 3 Mei 1919, kundi lake la The Weavers, kesi, mto Hudson, kafariki 27 Januari 2014. Ninachotafuta ni namna alivyokuwa akifanya kazi yake.

1. Ukumbi umejaa, watu hawaujui wimbo, hawana karatasi mkononi, lakini kufikia ubeti wa pili wote wanaimba naye. Alifanyaje?
2. Banjo yake ina shingo ndefu kupita kawaida. Ni mbwembwe au kuna sababu? Na hii yetu ya kawaida itafaa?
3. Mwaka 1955 mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, kwa nini hakutumia kinga ambayo wenzake wengi waliitumia? Mshereheshaji wetu ana dakika tatu za kulieleza hili na hatutaki kupotosha watu.

Wanaolijua jambo kwa undani tafadhali. "Nasikia" tuziache kwa leo.

Kibwagizo

Naanza na la kwanza, maana hilo ndilo lililombeba maisha yote. Kwa sauti tu, wapo wengi waliomzidi. Kazi yake hasa ilikuwa kuugeuza ukumbi kuwa kwaya, na mbinu yake inaigika.

Msingi ni kutanguliza maneno. Ni desturi ya zamani ya makanisa: vitabu vichache, wasiojua kusoma wengi, kwa hiyo kiongozi anatoa mshororo na waumini wanaupokea. Seeger aliubana mtindo huo ukaingia ndani ya wimbo wenyewe bila kuusimamisha. Chukua mshororo wa mapigo manane. Watu wanaimba mapigo sita, noti ya mwisho inavutwa mapigo mawili. Ndani ya mawili hayo yeye anatamka maneno ya mshororo unaofuata, haraka, kwa sauti ya kuongea. Asiyaimbe! Kiongozi akiimba maneno anayotanguliza, nusu ya ukumbi inadhani ndiyo zamu yake na kuingia, nusu nyingine inasubiri, na hapo wimbo umeshaharibika. Maneno yamalizike nusu pigo kabla ili watu wapate kuvuta pumzi.

Mpangilio unaofaa kwa kikundi chenu: kiitikio kwanza, peke yake, mara mbili, ala zikipigwa chinichini. Msitoe hotuba kabla yake, kwa sababu mtu akikaa dakika tano akisikiliza maelezo, mwili wake umeshaamua kwamba leo yeye ni mtazamaji. Kisha kiongozi aimbe ubeti peke yake na ukumbi upokee kiitikio. Kuanzia ubeti wa pili atangulize maneno. Wakishashika, anyamaze kabisa, aache wajisikie wenyewe. Kimya hicho cha kiongozi ndicho wanakwaya wengi wanashindwa kukivumilia.

Sauti za pili na tatu ziongezwe kutoka chini kwenda juu. Wapeni wenye sauti nzito mstari wao, waurudierudie mpaka utulie, ndipo muwaingize wa kati, na wa juu mwisho. Mkianza na wa juu, wa chini watawafuata huko huko na kupasuka koo.

Uchaguzi wa nyimbo nao ni nusu ya kazi. Lee Hays, mwenzake katika The Weavers, alikuwa na jina la nyimbo ambazo ubeti mzima unabadilika kwa neno moja au mawili tu: aliziita nyimbo za zipu. Unafungua, unatoa neno, unatia jingine, unafunga. "We Shall Overcome" ndiyo mfano mkubwa. Kiongozi anahitaji kutanguliza maneno manne tu na ubeti mzima uko mikononi mwa watu. Wimbo wenye beti sita za habari tofauti usiufundishe ukumbi. Uimbe mwenyewe, uwaachie kiitikio.

Kuna tatizo la kumbi kubwa ambalo huwaangusha hata wazoefu. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Aliyekaa mita 70 kutoka jukwaani anakusikia akiwa amechelewa sehemu mbili za kumi za sekunde, na sauti yake inapokurudia zimeongezeka mbili nyingine. Ukijirekebisha umfuate, naye atachelewa zaidi, na baada ya beti tatu mnaimba kama msafara wa mazishi. Kiongozi ashike mwendo kwa mguu wake na asiufuate mwangwi.

NyuziTano

La banjo ni langu. Si mbwembwe hata kidogo.

Banjo ya kawaida ina freti 22 (vyuma vinavyokata shingo) na kwa ufunguo wa G, kuanzia uzi wa tano mpaka wa kwanza, inatuniwa g D G B D. Seeger aliongeza freti tatu upande wa kichwa, zikawa 25. Shingo ikirefuka hivyo, nyuzi zilezile, kwa mkazo uleule, zinatoa sauti ya chini kwa nusu toni tatu: e B E G# B, yaani ufunguo wa E. Kutoka kwenye daraja (kijiti kinachobeba nyuzi juu ya ngozi) mpaka mwisho wa shingo upande wa kichwa ni kama inchi 32 badala ya 26 au 27. Faida yake ni kwamba unapiga kwa mikono ya G uliyoizoea huku watu wanaimba E au F, mahali ambapo koo la mtu wa kawaida linapumua. Ukitaka G ya kawaida unabana kapo (kibanio cha nyuzi) kwenye freti ya tatu. Kampuni ya Vega ya Boston baadaye iliziunda na kuziuza kwa jina lake.

Kwa nini usilegeze tu banjo ya kawaida nusu toni tatu? Kwa sababu mkazo unapungua, uzi unacheza kupita kiasi na kugonga freti, unapata mlio wa nyuki. Yenu ishusheni nusu toni mbili tu, iwe f C F A C, na mfunge seti ya nyuzi za unene wa kati badala ya nyembamba. Kama bado inatoa mlio huo wa nyuki, daraja la kimo kikubwa kidogo litamaliza tatizo.

Tahadhari ya uzi wa tano kwa yeyote anayeazima yenye shingo ndefu: kigingi chake kiko usawa wa freti ya nane, si ya tano, na kapo haliufikii. Ukibana kapo freti ya tatu, huo mfupi unabaki e wakati nyuzi nyingine zimepanda. Lazima uupandishe mwenyewe hadi g. Ukisahau, kila dole gumba linapoushuka unatoa noti isiyo ya wimbo, na kwa kuwa uzi huo unapigwa karibu kila pigo, hakuna pa kujificha.

Pigo lake la msingi ni hili. Hesabu "moja, mbili-na". Kwenye moja, kidole cha shahada kinavuta uzi mmoja kuelekea juu, huo ndio wenye sauti ya wimbo. Kwenye mbili, ukucha wa kidole cha kati au cha pete unafagia nyuzi zote kushuka chini. Kwenye "na", dole gumba linagusa uzi wa tano. Kugusa, si kupiga. Wanaoanza hulitwanga gumba hilo na wimbo unageuka kengele ya baiskeli. Alilieleza pigo hili katika kitabu chake cha mafunzo ya banjo cha 1948, ambacho toleo lake la kwanza lilichapwa kwa stensili.

Na kama mnapamba jukwaa: kwenye ngozi ya banjo aliandika kwa mkono, kwa duara, kwamba mashine hii huizingira chuki na kuilazimisha isalimu amri. Alikuwa anajibizana na rafiki yake Woody Guthrie, ambaye gitaa lake lilisema mashine hii huua mafashisti. Tofauti ya wale wawili iko yote hapo.

Kibwagizo

Niongezee kwa NyuziTano: mkichagua ufunguo, msiangalie koo la mwimbaji wenu bora. Noti ya juu kabisa ya wimbo isizidi D kwa ukumbi mchanganyiko. Wanawake wanaifikia bila kupiga kelele, wanaume wanaiimba oktava moja chini. Zaidi ya hapo watu hawalalamiki, wananyamaza tu, halafu mnadhani hawakuupenda wimbo.

Kifungu

La tatu. Mwambieni mshereheshaji ashike mambo mawili: kinga zilikuwa mbili, na kila moja ilikuwa na bei yake.

Tarehe 18 Agosti 1955, New York, Seeger aliitwa mbele ya kamati ndogo ya ile kamati ya Baraza la Wawakilishi iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti. Maswali yalikuwa ya aina moja: uliimba kwenye mkutano huu? Uliwaimbia watu wa chama kile? Wakati huo njia salama ilikuwa Marekebisho ya Tano ya Katiba, haki ya kutojitia hatiani. Ukiitaja, hufungwi. Lakini umma unasoma kwamba una la kuficha, na kazi unaipoteza. Tena ukishajibu swali moja la jambo husika, mahakama inaweza kusema umeiacha kinga hiyo, kwa hiyo huwezi kuanza kueleza habari zako kisha ukatae kuwataja wenzako. Na majina ya wenzako ndiyo kamati iliyoyataka.

Yeye alisema wazi kwamba hategemei Marekebisho ya Tano. Hoja yake ilikuwa kwamba hakuna Mmarekani anayepaswa kuulizwa imani yake, kura yake wala watu anaoshirikiana nao, tena kwa kulazimishwa. Hiyo ni ngome ya Marekebisho ya Kwanza, uhuru wa maoni na wa kujumuika. Alijua ni hatari: waandishi na waongozaji kumi wa Hollywood walisimamia hoja kama hiyo mwaka 1947 na wakafungwa. Alijitolea kuzungumzia nyimbo zake, hata kuziimba. Kamati haikutaka nyimbo, ilitaka kujua aliziimbia wapi na mbele ya nani.

Mwaka 1957 akashtakiwa kwa kulidharau Bunge, makosa kumi, moja kwa kila swali alilokataa. Kesi ikajikokota, na kwa muda wote huo hakuwa huru kutoka nje ya eneo la mahakama bila kutoa taarifa. Machi 1961 akatiwa hatiani, Aprili akapewa mwaka mmoja kwa kila kosa, adhabu ziende kwa pamoja. Mei 1962 mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu.

Hapa ndipo watu hupotosha, kwa hiyo mkazie: hakushinda kwa hoja ya uhuru wa maoni. Alishinda kwa sababu hati ya mashtaka ilikuwa na kasoro, haikuonesha sawasawa kamati ndogo ile ilipata wapi mamlaka ya kuendesha kikao. Swali kubwa alilolileta halikujibiwa.

Na kufutwa kwa hukumu hakukumrudisha kwenye televisheni. Kipindi cha nyimbo za kiasili cha televisheni ya ABC kilichoanza 1963 hakikumwalika, na baadhi ya wenzake wakakisusia. Alirudi kwenye televisheni ya nchi nzima Septemba 1967 katika kipindi cha ndugu wawili wa Smothers pale CBS, na hata hapo wimbo wake wa kuipinga vita ya Vietnam ulikatwa. Ukaruhusiwa Februari 1968.

Kibwagizo

Swali la tatu na la kwanza ni kitu kimoja, na hili ningelitia kwenye zile dakika tatu. Miaka ya marufuku hakukaa nyumbani. Aliimba vyuoni, shuleni, kwenye kambi za watoto za kiangazi, na kurekodi mfululizo na Folkways, kampuni ndogo isiyoogopa. Mji mgeni aliuingia kwa kushtukiza: anapita redio ya pale, anahojiwa dakika chache, jioni anaimba, na wapinzani wanapokuja kujipanga yeye ameshaondoka. Watoto wale wa kambini na wanafunzi wale wa vyuoni ndio waliokuja kushika magitaa miaka ya 1960. Waliomfungia televisheni walimsukumia hadhira iliyofaa kuliko ile waliyomnyima.

Mchokonozi

Mmesema vizuri ila msimtawaze mtakatifu. Alikuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti miaka ya 1940, na hilo liliathiri kazi yake. Mfano ulio wazi: mwaka 1941 kikundi chake cha Almanac Singers kilitoa albamu ya kupinga Marekani kuingia vitani, wakati Stalin na Hitler wana mkataba. Juni mwaka huohuo Hitler akaivamia Urusi, albamu ikaondolewa sokoni, na muda si mrefu wanaimba nyimbo za kuhimiza vita. Alitoka chamani mwishoni mwa muongo huo, lakini kukiri hadharani kwamba alichelewa kumuona Stalin alivyokuwa kulimchukua miaka mingi. Mwaka 2007 ndipo alipojulikana ameandika wimbo wa kumlaani. Hadhira yenu ina watu wazima, wataweza kubeba yote mawili.

MwanakwayaMoro

Asanteni sana, hii ndiyo nyama niliyoitaka. Mchokonozi, hilo la 1941 tutaliweka.

Limezuka jingine. Tunataka kuimba "Wimoweh" na mwenzetu mmoja anasema tusiimbe kwa sababu ni wimbo ulioibwa. Mwingine anasema Seeger aliimba pia "Malaika". Ukweli ni upi?

Ubeti_wa_Tatu

"Malaika" aliuimba, ndiyo. Umo katika albamu yake ya 1965, baada ya ziara ya dunia ya 1963 na 1964 aliyoizunguka na mkewe Toshi na watoto wao, iliyogusa pia Afrika Mashariki.

La "Wimoweh" linahitaji utulivu. Asili yake ni "Mbube", uliorekodiwa Johannesburg mwaka 1939 na Solomon Linda na kundi lake la Evening Birds kwa kampuni ya Gallo. Sahani ilimfikia Seeger kupitia Alan Lomax, mkusanyaji wa nyimbo za kiasili. Akaandika noti kwa kusikiliza, na pale Wazulu walipoimba "uyimbube" yeye akasikia "wimoweh". The Weavers wakautoa, ukapendwa. Kwenye karatasi za hakimiliki kundi hilo lilikuwa na mazoea ya kuandika "Paul Campbell" kwa nyimbo za kiasili walizozitengeneza upya. Paul Campbell hakuwa mtu, lilikuwa jina la kubuni la kukusanyia mapato. Kwa wimbo wa kale usio na mtunzi anayejulikana, mtindo huo unaeleweka. Kwa Linda, aliyekuwa hai na anajulikana, ulikuwa dhuluma, hata kama Seeger hakuipanga. Alipojua, aliagiza mtunzi alipwe na kumpelekea dola 1,000, akaamini wachapishaji wataendelea kulipa. Hakufuatilia vya kutosha. Linda alifariki 1962 akiwa maskini, mwaka mmoja baada ya toleo la wimbo huo la kundi la The Tokens kuvuma dunia nzima.

Warithi walikuja kupata mwanya katika sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya 1911, iliyotumika Afrika Kusini: miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi, haki hurudi kwa warithi. Suluhu ikafikiwa 2006. Kwa hiyo imbeni, ila mtajeni Solomon Linda kabla ya noti ya kwanza, na kwenye karatasi ya ratiba liwe jina lake. Watu waliokulia kwenye mvutano wa Fadhili William na Adam Salim juu ya "Malaika" watawaelewa mara moja.

Upande wa pili, "We Shall Overcome" unaonesha Seeger alijifunza. Wimbo ulitoka kwa wafanyakazi wa tumbaku, wengi wao wanawake weusi, waliogoma Charleston mwaka 1945 hadi 1946. Wakaufikisha Highlander, shule ya wanaharakati kule Tennessee, Zilphia Horton aliyeongoza muziki pale akaushika na kumfundisha Seeger mwaka 1947. Yeye aliongeza beti na kusaidia kuusambaza, kisha mwimbaji Guy Carawan akawafundisha wanafunzi wa harakati za haki za watu weusi mwaka 1960. Waliusajili kwa majina manne, Horton, mwimbaji Frank Hamilton, Carawan na Seeger, lakini mapato yote yakaelekezwa kwenye mfuko wa Highlander wa kusaidia sanaa na harakati za watu weusi wa kusini. Tangu 2018, baada ya kesi, wimbo ni mali ya umma, kwa hiyo hamhitaji kibali cha mtu.

NyuziTano

Kama bado mna nafasi ya kipengele kimoja, usiku huo msiuache bila mto Hudson, maana pale ndipo alipoonesha kwamba wimbo peke yake hautoshi. Kuanzia 1966 aliimba kuchangisha fedha za kujenga jahazi la mtindo wa majahazi ya karne ya 19 ya mto ule. Clearwater, futi 106, lilishushwa majini Mei 1969 huko Maine. Kazi yake ni kupakia wanafunzi, kushusha wavu, kuvuta samaki na matope, na kuwaonesha watoto kilichomo. Viwanda viwili vya General Electric vilikuwa vimemwaga humo kemikali za sumu za PCB, takriban ratili milioni 1.3 kati ya 1947 na 1977, na usafishaji mkubwa wa matope ulianza 2009.

Kwa jukwaa lenu: wekeni kipengele hicho baada ya nyimbo mbili za kasi, kiimbwe kwa banjo moja bila ngoma, ufunguo wa F. Na mpe banjo dakika nzima ya kutuni kabla, kwa sababu ngozi hulegea hewa ya ukumbi ikipata unyevu na daraja linazama kidogo. Mpigaji atune akiwa nyuma ya pazia, si mbele ya watu.